Shahada ya Sayansi na Ushahidi Wake

 

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya sala ya laasiri alinijia jirani yangu hapa Kikwajuni, mtu tuliyekua pamoja tangu tukicheza chandimu. Mkononi ana bahasha. Baada ya kuamkiana akakaa barazani, akasema: "Maalim, nna shauri. Binti yangu amekubaliwa Chuo Kikuu cha Taifa. Anataka kusoma fizikia na hisabati pamoja na ualimu. Mama yake ana wasiwasi, na mimi mambo hayo siyaelewi. Jamaa wananambia bora asome biashara au utalii, huko ndiko kwenye pesa. Wewe waonaje? Shahada hiyo ina nini ndani yake?"

Nikamwambia: "Bwana wangu, mimi ni mtu wa chuo, si mtu wa maabara. Nipe muda nitazame." Akacheka, akasema: "Tazama, lakini usitazame mpaka nafasi ya mtoto ikapotea."

Nimetazama. Na kwa kuwa najua wako wazazi wengi, Unguja na Pemba, Tanga na Mombasa, wenye bahasha kama ile mikononi mwao, nimeona jawabu nisimpe yeye peke yake. Sikuipima shahada hii kwa mizani ya mtaalamu wa fizikia, maana mizani hiyo sina. Nimeipima kwa mizani ya mwalimu aliyekaa na wanafunzi miaka arubaini, na anayejua tafauti baina ya mtu aliyesoma na mtu aliyepita kwenye masomo.

Kwanza tuijue shahada yenyewe.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi tunakiita SUZA, kiliundwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999, kikaanza kazi mwaka 2001. Kwetu sisi watu wa Kikwajuni si chuo cha mbali. Majengo yake ya Vuga twayafikia kwa miguu bila ya kutoka jasho. Kampasi kubwa iko Tunguu, na nyengine iko Beit el-Ras, pale ambapo Sayyid Said bin Sultan alianza kujenga kasri, akafariki mwaka 1856 kasri halijamalizika. Miaka mingi kabla ya SUZA, Beit el-Ras palikuwa ni mahali pa kuwafunza walimu. Kwa hivyo Shahada ya Sayansi na Ualimu imeota kwenye shina la zamani, shina la ualimu. Wako pia wanaotoa shahada ya namna hii kule Chukwani, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1998 kwa sadaka za ndugu zetu wa Kuwait, na ambacho leo kina jina la marehemu Dokta Abdulrahman Al-Sumait aliyefariki mwaka 2013.

Mpango wake kwa ufupi ni huu. Mwanafunzi huchukua masomo mawili ya kufundishia, kama fizikia na hisabati, au kemia na biolojia. Pamoja nayo husoma ilmu ya kufundisha: tabia za mtoto na akili yake, namna ya kutengeneza somo, namna ya kutunga mtihani. Kisha hupelekwa skuli akafundishe hali anatazamwa. Akimaliza hutoka na karatasi moja yenye ahadi mbili: kwamba sayansi anaijua, na kwamba anaweza kuifundisha.

Sasa, ndugu msomaji, tulitazame neno lenyewe. Wenzetu wanayo majina yao ya karatasi hii, lakini sisi kwa Kiswahili chetu tumeiita shahada, na shahada ni ushahidi. Katika fikihi kila mtu anajua sharti ya shahidi: awe ameshuhudia mwenyewe. Anayesimama mbele ya kadhi akasema, "Nimesikia watu wakisema," huambiwa arudi kwake, hata kama waliyoyasema watu ni kweli. Ukweli wa jambo haumfanyi yeye kuwa shahidi. Kadhalika katika vyuo vyetu, mwanafunzi hapewi ijaza ya kitabu kwa kuwa amekiona jalada lake, wala kwa kuwa amehifadhi majina ya milango yake. Anakisoma mbele ya sheikh wake, sheikh akimsikiliza na kumsahihisha, neno kwa neno, mpaka atakapotosheka.

Basi mizani yangu ni hiyo. Mwenye shahada ya sayansi ni shahidi. Nami namuuliza maswali matatu: Je, ameona kwa macho yake? Je, anaweza kumfahamisha mwengine aliyoyaona? Na je, ushahidi wake unawafaa watu?

Tuanze na la mwanzo: je, ameona?

Sisi Waislamu tunapenda sana kumtaja Ibn al-Haytham katika mihadhara yetu. Tunasema alizaliwa Basra mwaka 965, akafariki Misri karibu na mwaka 1040, na kwamba kitabu chake cha Al-Manadhir kilisomwa Ulaya karne nyingi baada yake. Yote ni kweli. Lakini mara chache tunasema alifanya nini. Walikuwako wenye hikima kabla yake walioshikilia kwamba jicho linaona kwa kutoa miale yake yenyewe. Yeye hakutosheka kwa kuwa wakubwa wamesema. Akatumia chumba cha giza na tundu dogo, akaufuata mwanga unavyoingia, akahakikisha kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye kitu ukaja jichoni. Ibn al-Haytham alikuwa shahidi. Sisi tunaojifakhiri kwa jina lake tungeulizwa naye, "Na chumba chenu cha giza kiko wapi?" tungesemaje?

Hapa ndipo nilipoiona khatari ya kwanza ya shahada hii. Masomo mawili na ualimu juu yake ni mzigo wa mtu na nusu. Wakati ni ule ule, na siku ina saa ishirini na nne kwa mwanafunzi wa Tunguu kama kwa mwanafunzi wa London. Basi kitu lazima kipunguzwe, na aghlabu kinachopunguzwa katika vyuo vya nchi zetu ni maabara, kwa sababu chaki ni rahisi na kemikali ni ghali. Mhadhara mmoja unawatosha watu mia. Mizani moja haiwatoshi. Ndipo mwanafunzi anapojifunza kuandika jawabu la jaribio bila ya kulifanya jaribio. Anajua nambari inayotakiwa, anairudia, anapita. Huyu, ndugu zangu, ni shahidi aliyesikia watu wakisema.

Mwenye kutaka kuzama katika fizikia peke yake, ajue kwamba shahada hii si yake. Huyo avuke bahari aende Mlimani, Dar es Salaam, ambako sayansi inasomeshwa katika chuo kikuu tangu mwaka 1965, au aende mbali zaidi. Shahada hii ni ya mwenye kutaka kuwa mwalimu. Wala hilo si aibu, maana huyo mwenye kuzama naye kuna mtu aliyemfundisha kuogelea. Lakini mwalimu naye lazima awe ameona, pengine kuliko mwengine yeyote, kwani atakayoyaona watoto watayaona kwa jicho lake.

Tena msifikiri kwamba kila jaribio linataka vyombo vya mamilioni. Nitakupeni moja ambalo linatuhusu sisi watu wa msikitini. Katika kila mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba mara mbili: tarehe 27 au 28 Mei, na tarehe 15 au 16 Julai. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Mwezi wa Mei huwa ni saa sita na dakika 18 za mchana, na Julai ni saa sita na dakika 27. Wakati huo simamisha uwanjani kijiti cha mita moja, ukinyooshe wima kwa timazi. Kivuli chake kitaangukia kusini. Ukisimama kwenye ncha ya kivuli ukatazama kwenye kijiti, umeelekea kibla. Kwa hapa Unguja utaona kibla ni kaskazini karibu kabisa, kimeegemea mashariki kwa daraja moja na kitu. Na ndiyo sababu wazee wetu wakisema "kibla" kwa maana ya kaskazini.

Sasa kipime kile kivuli. Utakuta ni kama sentimita 52. Chora pembe tatu ya kijiti na kivuli chake, na kipimapembe kitakuonyesha kwamba jua limeinama daraja 27 na nusu hivi kutoka utosini. Makka wakati huo kijiti hakina kivuli, kwa hivyo pembe hiyo ndiyo sehemu ya duara la ardhi iliyopo baina yetu na Makka. Duara zima lina daraja 360, yaani sehemu kama hiyo mara 13. Masafa ya kutoka Unguja mpaka Makka ni karibu kilomita 3,050. Zidisha kwa 13: umepata kilomita 39,650, na wataalamu kwa vyombo vyao vyote wanakwambia mzunguko wa ardhi ni kama 40,000. Kijiti, uzi, timazi, na kipimapembe cha mtoto wa skuli! Mwanafunzi aliyelifanya hili kwa mkono wake ni shahidi juu ya ukubwa wa ardhi na juu ya kibla chake, wala hahitaji kumuuliza mtu.

Swali la pili: je, anaweza kumfahamisha mwengine?

Hapa naona shahada hii ina fadhila kubwa, na sitaki kuificha. Wako wenye ilmu nyingi ambao ilmu yao haitoki. Ni kama kisima kisichokuwa na ndoo. Shahada iliyounganisha sayansi na ualimu imekusudia kutoa kisima na ndoo yake. Na nataka kukiri jambo langu mwenyewe, ili wenzangu walimu wa vyuo walizingatie.

Zamani, siku moja katika darsa, mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, aliniuliza: "Maalim, kwa nini mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, na mwezi ukiwa nusu ni maji mafu?" Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa sijui. Nikamwambia: "Soma ubao wako. Hayo si yako." Mtoto akainama, asiniulize tena siku ile wala siku nyengine. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mwezi na jua vyote viwili vinaivuta bahari. Vikiwa kwenye mstari mmoja na ardhi nguvu zao huungana, maji yakapanda na kushuka hata mita nne kwenye pwani yetu. Na vikivuta kwa pande zinazokingamana, kila kimoja humpunguzia mwenzake. Jawabu lake lingechukua dakika tano na machungwa matatu. Mimi nililifunga swali la mtoto, na mwenye kulifunga swali hajui amefunga mlango gani. Lau kama siku ile ningalikuwa na mwalimu wa sayansi jirani wa kumwendea, nadhani nisingalimkaripia mtoto yule. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Lakini ndoo ya kisima hiki ina tundu, nalo ni lugha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu husoma sayansi yake kwa Kiingereza. Na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano la msingi. Mimi si adui wa Kiingereza. Mtume wetu (S.A.W.) alimuamrisha Zaid bin Thabit ajifunze lugha ya watu wengine, naye akajifunza. Lakini kujua lugha ya wengine ni kitu kimoja, na kushindwa kusema ulichokijua kwa lugha ya mama yako ni kitu chengine. Nimewaona vijana wenye shahada ambao ukimwambia, "Hebu nieleze kwa Kiswahili umeme ni nini," anababaika, anachanganya maneno, kisha anacheka kwa haya. Huyo ameyahifadhi maneno, na pengine maana haijamfikia. Sisi watu wa vyuo tunaujua ugonjwa huu vizuri, maana na sisi tunao: mtoto anahitimu juzuu thelathini kwa sauti nzuri, na maana ya Sura fupi hajaambiwa.

Dawa iko, tena iko nyumbani. Tangu mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Na hapa kwetu TAKILUKI, iliyokuwa taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni pale Vuga, imeingia ndani ya SUZA. Watu wa Kiswahili na watu wa sayansi wako chini ya dari moja. Mimi ningeliomba jambo moja tu: asipewe mtu Shahada ya Sayansi na Ualimu mpaka akae mbele ya watu wasiokuwa wataalamu, awaeleze kwa Kiswahili safi jambo moja la fani yake, wamuulize, awajibu. Nawe unajua watu hao ni nani. Ni wale kina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu mwaka 1989, wanaongoja bamvua ili waingie mashambani mwao. Wameona mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ukiharibika na kufa pale maji yanapokuwa moto. Wana maswali, tena maswali mazuri ya fizikia na kemia, na wanayauliza kwa Kiswahili. Shahidi asiyeweza kusema nao ushahidi wake umfae nani?

Swali la tatu: je, ilmu hii inawafaa watu?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, aliziandika ilmu za tiba na hisabu katika fardhi za kutosheleza: wakiwepo wa kutosha katika mji wanaozijua, wengine wameokoka; asipokuwepo hata mmoja, mji mzima una dhambi. Naye alilalamika kwamba watu wa zama zake walisongamana kwenye fikihi, na miji ikakosa tabibu Muislamu. Sijui kama zama zetu zimebadilika sana.

Mnakumbuka sote Mei 2008, umeme wa kutoka bara ulipokatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha ukakatika tena Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010. Waya uliopita chini ya bahari ulikuwa ukitulisha tangu mwaka 1980, na sisi tulikuwa tunaujua kwa kubonyeza kitufe ukutani tu. Pampu zikasimama, maji yakakosekana, na kina mama wakabeba ndoo usiku na mchana. Katika chuo changu watoto walisoma kwa kandili, na mmoja wao akaniuliza umeme umekwenda wapi. Watu wazima tulikaa barazani tukibuni sababu, kila mtu na yake, na hapana hata mmoja aliyeweza kuthibitisha. Tulingoja mafundi na vifaa kutoka nje. Mji wenye misikiti mingi kama huu ulikuwa na mashahidi wangapi juu ya umeme wake?

Na tunaikumbuka, kwa machozi, tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, na ndani yake watu na mizigo kupita kiasi. Hapana nyumba katika visiwa hivi ambayo haikutoa rambirambi au kupokea. Kuelea kwa chombo ni mlango wa mwanzo katika fizikia: chombo husukuma maji yenye uzito sawa na wake, na mzigo ukizidi, au ukakaa juu kuliko chini, bahari haijadiliani na mtu. Al-Khazini alitunga kitabu kizima cha mizani karibu na mwaka 1121, akaeleza namna ya kupima vitu ndani ya maji ili dhahabu ya kweli ijulikane na ya uongo. Ilmu hiyo tunayo kwa miaka 900. Na katika Suratur Rahman tumekatazwa kuipunja mizani. Sisi tunaifahamu aya hiyo kwa muuza mchele wa Darajani, na wala hatukumbuki kwamba meli nayo ina mizani yake. Mtoto aliyefundishwa vyema mlango huo wa kuelea, kwa beseni la maji na kopo, akiwa mkubwa ataiona meli iliyoinama gatini, na atamshika mama yake mkono wasipande.

Imebaki khofu ya yule mama, mke wa jirani yangu. Anaogopa binti yake asije akapotea dini. Namwambia hivi, kwa adabu: bibi, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na hapa kwetu sehemu kubwa yake ilifunikwa, nasi tukasali. Wataalamu waliitangaza saa yake kabla. Je, sala yetu iliharibika kwa kuwa saa ilijulikana? Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Angelikuwa ni mtu wa kutafuta ukubwa angelinyamaza. Lakini yeye, na huzuni yake moyoni, aliwaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu. Dini iliyomkataza mtu uongo hata katika msiba wa mwana wa Mtume wake haiogopi maabara. Kinachopoteza dini ya mtoto ni kiburi, na kiburi kinapatikana katika biashara na utalii pia, na hata, tumuombe Mungu atulinde, katika kilemba.

Na wale jamaa waliosema pesa ziko kwengine, sitabishana nao. Mwalimu wa sayansi hatajenga ghorofa kwa mshahara wake. Lakini naye anakula, na kila mwaka anatoa watoto arubaini wanaoyajua wasiyoyajua jamaa hao. Hisabu hiyo nayo ipigwe.

Basi hukumu yangu, kwa kadiri ya fahamu yangu, ni hii. Shahada ya Sayansi na Ualimu ni shahada ya kheri, nia yake ni njema, na mji wetu unaihitaji kuliko shahada nyingi zenye majina ya kupendeza. Kasoro yake ni kubeba mambo mengi kwa muda mmoja, na kusomwa kwa lugha ambayo wengi wa wanaohitaji faida yake hawaielewi. Kasoro hizo hazimkatazi mtu kuisoma. Zinamtaka aisome kwa macho wazi.

Kwa hivyo wewe mzazi mwenye bahasha, kabla ya kumuaga mwanao nenda naye chuoni, Tunguu au Chukwani au kokote, umuulize mwalimu wake kwa upole: Mwanangu ataingia maabara mara ngapi kwa wiki? Vyombo atavishika mwenyewe au atamtazama mwenziwe akivishika? Akienda kufundisha skuli, nani atakayekaa nyuma ya darasa kumtazama, na mara ngapi? Haya si maswali ya ujuvi. Ni maswali anayouliza kila mzazi anayemkabidhi mtoto kwa fundi seremala, na hapana sababu ya chuo kikuu kuulizwa machache kuliko seremala.

Na sisi watu wa misikiti tusikae pembeni tukihukumu. Tunachanga kila mwaka kwa mazulia na feni, na ni vyema. Hivyo kweli tutashindwa kuchangia skuli ya mtaani kwetu mizani moja, lenzi kumi, betri na nyaya? Mtoto akijifunza kwacho, na akamfunza mwengine, hiyo ni sadaka yenye kuendelea bila ya shaka.

Jirani yangu nimemwambia amwachie binti yake aende. Binti mwenyewe alikuja kunishukuru, nikamwambia shukurani zake nazitaka kwa namna nyengine: mwezi wa Mei aje uwanjani kwetu na kijiti na uzi, awaonyeshe watoto wa chuo changu kibla na kivuli, kwa Kiswahili, nami nitakaa mkekani pamoja nao. Na akiulizwa swali asilolijua, asifanye kama nilivyofanya mimi. Aseme sijui, kisha akatafute.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe ni wenye kushuhudia tuliyoyaona na kunyamaza kwa tusiyoyajua, na awape vijana wetu ilmu yenye manufaa. Amin.